Mwalimu wa msingi, pakua kwanza: tovuti zinazofaa hata kwenye darasa lisilo na intaneti

Nikisikia habari za tovuti mpya ya elimu, swali langu la kwanza ni moja tu: yaliyomo yanapakulika? Nafundisha Darasa la Pili kijijini, mkoani Shinyanga. Mtandao unakuja na kupotea, bando natoa mfukoni, na watoto ni wengi kuliko nafasi za kukaa. Kitu kinachodai intaneti katikati ya kipindi hakitufai. Kile ninachoweza kukipakua Jumamosi nikiwa mjini, Jumatatu kikawa karatasi mkononi mwa mtoto, hicho ndicho cha kwetu.

Kwa kigezo hicho, African Storybook naiweka mbele ya zote. Ni maktaba ya hadithi za picha iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na tovuti yake ilizinduliwa mwaka 2014. Hadithi zipo kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi za mwalimu kuwasomea watoto. Mwalimu yeyote wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) anaelewa kwa nini ngazi hizo zina thamani. Dawati moja lina mtoto anayesoma aya bila kukwama, na ubavuni mwake yupo anayehangaika na silabi, lakini kitabu cha kiada ni kilekile kwa wote wawili. Nikiwa na hadithi za ngazi tofauti, kila kundi linapata kazi inayolifaa katika kipindi kilekile.

Napakua hadithi, naisoma yote kwa sauti nyumbani, kisha natoa kopi chache stesheneri. Usiruke hatua ya kusoma kwanza, kwa sababu baadhi ya tafsiri zina maneno ambayo watoto wa huku hawajawahi kuyasikia. Hadithi fupi sitoi kopi. Naziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila ili hata aliyekaa nyuma kabisa asome.

Jambo ambalo walimu wengi hawalijui ni kwamba hadithi hizi zina leseni huria. Unaruhusiwa kunakili, kutafsiri na hata kubadilisha, mradi umtaje mtunzi na mchoraji. Basi mimi hufunika maneno, nabakiza picha, watoto wanatunga hadithi yao wenyewe. Wale ambao nyumbani wanazungumza Kisukuma huanza kusimulia kwa Kisukuma, kisha tunasaidiana kuipata kwa Kiswahili na kuiandika. Sijaona zoezi la kitabuni linalowafungua vinywa kama hili. Ukimaliza hadithi za huko, StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India inafuata utaratibu unaofanana na huo, na Kiswahili kipo.

Ya pili ni TESSA, inayosimamiwa na The Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika. Hii ni ya mwalimu, si ya mwanafunzi. Inaeleza namna ya kuendesha somo, ikiwa na mifano ya walimu na shughuli za kujaribu darasani, na ina toleo la Kiswahili. Anza na sehemu inayohusu madarasa makubwa na madarasa ya mchanganyiko, yaani yenye ngazi zaidi ya moja chumba kimoja. Imeandikwa na watu wanaojua kuwa mwalimu anaweza kusimama peke yake mbele ya umati wa watoto. Maandishi yake yanapatikana pia kwa faili la Word, kwa hiyo unaweza kuyarekebisha yaendane na andalio lako.

Ubongo ya Dar es Salaam, watengenezaji wa katuni za elimu, wengi mnaifahamu kupitia televisheni; Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014. Vipindi vyake vipo YouTube, na nyimbo zake za hisabati ni nzuri sana. Video zinakula bando, lakini kwa wimbo, sauti peke yake na spika ndogo inatosha. Kwa awali na Darasa la Kwanza, chagua kipindi chao kingine, Akili and Me.

Anayefundisha hisabati au sayansi madarasa ya juu aitazame PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ina majaribio ya kuchezea kwenye skrini, na mengi yanapakuliwa na kufanya kazi bila mtandao. Lile la hesabu za sehemu (nusu, robo) linaeleza vizuri kuliko mchoro wa ubaoni, ukipata hata kompyuta moja.

Lakini chochote unachopakua, kipime na muhtasari wako kwanza, hasa sasa baada ya mtaala kuboreshwa mwaka 2023. Maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada vya kusoma bure, na wenzetu wa Kenya watapata miongozo ya mtaala kwenye tovuti ya KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Nasisitiza hili kwa sababu mtandaoni kumejaa karatasi za mazoezi za Kimarekani zenye michoro ya kuvutia, na humo mtoto anaulizwa habari za senti za dola, inchi na paundi. Mtoto wa Darasa la Pili bado anatafuta uhakika wa sentimita na kilo. Usimwongezee mzigo huo.

Mafaili yako yatunze kwenye memori kadi, uyapange kwa somo na mada, maana simu huharibika. Na mkikutana kwenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), mrushie mwenzako faili lenyewe kwa Bluetooth. Ukimtumia kiungo tu, itabidi naye atafute bando.