Barua ya Einstein iliyopigwa taipu

Ndugu, umeuliza kama barua ya Einstein iliyopigwa taipu ina thamani ikiwa yeye alitia saini tu. Inayo, tena nzuri. Katibu wake, Helen Dukas, alimchapia barua nyingi tangu 1928, kwa hiyo taipu pekee isikutie shaka. Kinachopandisha bei hasa ni maneno yaliyomo: ile ambayo Einstein alimwandikia mwanafalsafa Eric Gutkind mwaka 1954 kuhusu Mungu, kwa mkono wake na kwa Kijerumani, iliuzwa New York 2018 kwa karibu dola milioni 2.9! Kabla hujalipa, itazame saini kwa lenzi. Ukiona vitone vidogo vidogo badala ya mkondo wa wino, hiyo ni nakala iliyotolewa kwa mashine, si saini ya kalamu. Na ukiipata, nakusihi usiitie laminesheni, yaani usiifunike kwa plastiki.