Fundi wa tovuti ametoweka na funguo

SWALI

Assalaam aleikum, Ndugu Mshauri. Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba vinane hapa Mikindani. Mwaka juzi nilimpa kijana mmoja kazi ya kunitengenezea tovuti kwa shilingi 700,000, nikamtumia 400,000 kwa simu siku ile ile tulipokubaliana. Kazi ilichukua miezi minne badala ya mmoja, lakini ilipomalizika ilipendeza, nami nikaiandika anwani yake kwenye kibao cha barabarani na kwenye kadi zote. Wiki iliyopita mgeni wa kutoka Arusha aliniambia kwamba tovuti haifunguki. Kijana hapokei simu. Mpwa wangu anasema ana rafiki yake Dar es Salaam anayeijua kazi, na binti yangu anasema tutafute fundi mtandaoni, hata wa nje ya nchi. Nitamjuaje aliye mwaminifu nisije nikaliwa mara ya pili? Na ile ya zamani ndiyo imekwenda moja kwa moja?

Mwenye vyumba vinane, Mikindani

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu lina siku zinazohesabika.

Niliiulizia anwani yako katika daftari la majina ya mtandao, ambalo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulitazama. Jina la msajiliwa limefichwa, lakini tarehe haifichwi: muda wa jina ulikwisha siku 23 zilizopita. Kwa hiyo tovuti yako haikuvamiwa wala haikuharibika, bali ada ya mwaka ya jina, ambalo mafundi huliita domeni, haikulipwa. Kwa majina yanayoishia na .com kama lako, kampuni ya usajili kwa kawaida humvumilia mwenye jina kwa wiki kadhaa, kisha hufuata siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada iliyo kubwa kuliko ya kawaida, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna awezaye kufanya lolote. Baada ya hapo jina huwa huru kwa wote, na wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina ya namna hiyo ili wawauzie wenyewe walioyapoteza.

Bado una nafasi basi, ila ufunguo uko kwa kijana, kwa sababu alilisajili jina kwenye akaunti yake. Mwandikie ujumbe wa upole, na kama kuna mzee au jirani anayewafahamu nyote wawili, mtume. Mwambie kwamba utalipa wewe ada yote inayodaiwa, na kwamba baada ya hapo unaomba akupe msimbo wa kuhamishia jina kwenye akaunti yako. Usianze na vitisho vya polisi. Katika visa vya aina hii nilivyovishughulikia, wengi wa mafundi hawakuwa wezi. Walikuwa vijana waliobadilisha laini, wakapata ajira mahali pengine, wakaona aibu kupokea simu ya mteja wasiyeweza kumhudumia. Aibu hiyo inamgharimu mteja sawasawa na wizi, hilo nalijua, lakini mtu mwenye aibu huweza kubembelezwa.

Kuhusu yaliyokuwa ndani ya tovuti, Internet Archive ya Marekani imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za mtandao tangu 1996, na nilipoiingiza anwani yako nilikuta nakala mbili za ukurasa wako wa kwanza. Picha ya baraza yenye viti vya buluu ipo, na orodha ya vyumba ipo. Ipo pia sentensi inayosema kwamba David Livingstone alianza safari yake ya mwisho hapo Mikindani mwaka 1874. Dada yangu, Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, na mwaka 1874 alikuwa amekwisha fariki. Ulikuwa ndio mwaka ambao mwili wake ulisafirishwa kwenda kuzikwa London. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba tovuti ilisimama karibu miaka miwili bila wewe kuisoma, na fundi, ambaye pengine hajawahi kufika Mikindani, aliachiwa aandike habari za mji wako. Maneno na picha ni kazi ya mwenye biashara. Fundi mpya akija, mkabidhi yakiwa yameandikwa na kusahihishwa, na utaona kwamba hata ile miezi minne inapungua, maana mara nyingi fundi huchelewa kwa sababu anamsubiri mteja ambaye naye anamsubiri fundi.

Sasa tuje kwa fundi mwaminifu. Mimi siamini kwamba uaminifu wa mtu husomeka katika mahojiano. Fundi cherehani anayekuapia kuwa gauni litakuwa tayari kabla ya Idd huapa kwa uso mkunjufu kabisa. Ninachokishauri ni kupanga mambo kwa namna ambayo fundi akitoweka kesho, kwa ubaya au kwa ugonjwa, wewe utabaki na nyumba yako na funguo zako. Ukishapanga hivyo, swali la uaminifu linapungua uzito, na unaweza kumchagua mtu kwa ustadi wake.

Funguo zenyewe ni tatu. Wa kwanza ni domeni, ambayo lazima isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Ukichagua jina jipya linaloishia na .co.tz, majina ya Tanzania yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Unaweza kulilipia mwenyewe kwa dakika chache hata kabla hujamtafuta fundi. Wa pili ni hostingi, yaani pango unalolipa kwa nafasi katika seva, kompyuta ya mtandaoni ambamo kurasa zako zinakaa. Hilo nalo liwe kwenye akaunti yako, na risiti zije kwako. Wa tatu ni akaunti kuu ya kuiendesha tovuti yenyewe. Fundi afunguliwe akaunti yake ya pembeni, ambayo utaifunga kazi ikimalizika, na asipewe ile kuu.

Niongeze ufunguo wa nne, kwa sababu mimi mwenyewe uliniponyoka. Nilipokuwa na duka la steshenari Lindi mjini, fundi alinifungulia barua pepe ya biashara akaweka namba yake ya simu kuwa ndiyo ya kurejesha nywila. Nilikuwa nimeona namba pale, nikadhani ni yangu, maana zote mbili zilianza na 0784. Siku niliposahau nywila, tarakimu za uthibitisho zilikwenda kwenye simu yake, naye alikuwa njiani kuelekea Songea, mahali ambapo mtandao haushiki. Nilikaa siku mbili nje ya mlango wangu mwenyewe. Barua pepe inayoshika domeni na hostingi uifungue kwa mkono wako, na namba iliyomo uisome tarakimu moja baada ya nyingine.

Ukimwambia fundi kwamba funguo zote zitakuwa kwako, msikilize atakavyojibu. Aliyezoea kazi atasema sawa, na pengine atakuelekeza namna ya kusajili. Anayesema kwamba hayo ni mambo magumu na umwachie yeye, huenda ana nia njema, lakini mpite.

Rafiki wa mpwa wako na fundi wa mtandaoni wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Waombe anwani za tovuti tatu walizozitengeneza, na mojawapo iwe ya zaidi ya miaka miwili, kwa sababu tovuti mpya zote hung'aa. Zifungue kwenye simu ya kawaida kwa bando la kawaida, ukiwa hapo hapo Mikindani, kwa kuwa mgeni wako atazifungua hivyo hivyo akiwa ndani ya basi. Kisha wapigie simu wenye tovuti hizo. Usiwaulize kama fundi ni mzuri, kwani mtu hupenda kumsifia kijana wa watu; waulize mara ya mwisho tovuti ilipoharibika alijibu baada ya siku ngapi, na domeni imesajiliwa kwa jina la nani. Majibu ya maswali hayo mawili yatakutosha.

Fundi wa nje ana faida moja ambayo wengi hawaijui. Katika soko la mtandaoni la kuajiri mafundi kama Upwork, kwa kazi ya bei maalumu, fedha zako huwekwa kwanza mikononi mwa soko lenyewe na hutolewa kwa fundi pale unapoikubali hatua ya kazi. Angalia tu kwamba fundi akiwasilisha kazi nawe ukakaa siku 14 bila kujibu, fedha huachiliwa zenyewe, na kwamba fundi anayekushawishi mlipane nje ya soko anakuondolea kinga hiyo hiyo uliyoifuata. Hasara yake ni kwamba hataweza kuja kukaa barazani kwako akamwonyesha binti yako namna ya kubadilisha bei za vyumba. Mimi, kwa nyumba ya vyumba vinane, ningemtafuta mtu wa Mtwara mjini kwanza.

Yeyote utakayemchagua, usimpe tovuti nzima. Mpe kazi ndogo yenye malipo kamili, kwa mfano ukurasa mmoja wa vyumba wenye picha nne na kitufe cha kupiga simu, kwa siku tano. Utaona kama anauliza maswali, kama anatoa taarifa anapochelewa, na kama anachokabidhi ndicho mlichokubaliana. Tena mlipe kazi hiyo hata kama hutaendelea naye.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp. Sheria yetu inaweza kutambua mkataba wa mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo yenu usiyafute. Taja idadi ya kurasa, tarehe, marekebisho yatafanywa mara ngapi bila malipo ya ziada, na kwamba kazi yote ikishalipwa ni mali yako. Malipo nayo yaende kwa hatua: sehemu ndogo ya kuanzia, nyingine ukiiona tovuti ikifanya kazi kwenye anwani ya majaribio, na ya mwisho baada ya makabidhiano. Ulipotoa 400,000 kati ya 700,000 siku ya kwanza, ulikuwa umelipa zaidi ya nusu ya kazi ambayo haikuwa imeanza.

Mengine ni mafupi. Ukitengenezewa tovuti kwa WordPress, fahamu kwamba programu hiyo yenyewe ni ya bure, hivyo anayekutoza leseni yake anakudanganya. Lakini jalizi zake nyingine, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, ni za kulipia, na fundi anayezipachika za wizi ili kupunguza gharama anaweza kuwa anamfungulia mvamizi mlango wa nyuma. Mwombe risiti za jalizi. Na kama tovuti itapokea majina, simu au namba za pasipoti za wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe, mwenye nyumba ya wageni. Hiyo ni sababu nyingine ya kuifunga akaunti ya fundi siku anapomaliza.

SWALI

Shikamoo, Mshauri. Mimi ni kijana wa Lindi, ninatengeneza tovuti kwa kujitegemea. Wateja waliokwisha kutapeliwa hawataki kutoa hata shilingi ya kuanzia. Mmoja nilimwamini, nikamwekea tovuti hewani, na sasa ni miezi mitatu ananizungusha kwa shilingi 200,000 za mwisho. Nina nywila zote. Je, nikiifunga tovuti yake nitakuwa nimekosea?

Fundi, Lindi mjini

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Usiifunge. Najua inauma, lakini ukiifunga leo, mteja huyo hatawasimulia watu habari za deni lake. Atasimulia kwamba fundi wa Lindi alimzimia tovuti, na wale wasiotaka kutoa ya kuanzia wataongezeka. Zaidi ya hayo, kama domeni na hostingi ni zake, kuingia na kuzima ni jambo linaloweza kukuletea kesi kubwa kuliko laki mbili zako.

Kosa lilifanyika mapema, ulipoiweka hewani kabla ya malipo ya mwisho. Kazi inayofuata iweke kwenye anwani yako ya majaribio, mteja aione, aibonyeze, awaonyeshe jamaa zake, na katika makubaliano iandikwe wazi kwamba itahamishiwa kwenye hostingi yake siku malipo yatakapokamilika. Mteja anayeogopa kutoa ya kuanzia mgawie kazi vipande vidogo, kila kimoja kikilipwa kinapokamilika, hata kama kipande cha kwanza ni cha shilingi 50,000.

Kwa deni lililopo, mwandikie barua ya madai yenye tarehe, kazi uliyokabidhi na kiasi kilichobaki, umpe siku 14. Asipojibu, deni la mkataba la kiasi hicho hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na huhitaji wakili. Chapisha mazungumzo yenu yote pamoja na ujumbe wa muamala wa malipo aliyokwisha kufanya, uyapange kwa tarehe, na uende nayo.