Usiishie kwenye "Hamjambo?"

Siku ya nne baada ya tornado, ule upepo mkali unaozunguka na kubomoa nyumba, kupita Bowling Green, hapa Kentucky, Marekani, nilibisha mlango wa bibi mmoja wa kwetu Fizi, mashariki mwa Congo. Alifungua akiwa amejifunga kitenge juu ya koti.

"Shikamoo bibi. Hamjambo humu?"

"Marahaba mwanangu. Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Nyuma yake, katikati ya sebule, kulikuwa na sufuria kubwa ya ugali, na maji yanadondokea humo kutoka darini. Bomba la ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka. Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa limezibwa kwa godoro. Walikuwa watu saba, hawana umeme tangu Jumamosi, mwezi wa Desemba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiandikisha popote. Kama nisingechungulia, ningeandika "salama" kwenye daftari langu na kwenda nyumba ya pili.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu wetu jambo moja: uvumilivu tuliojifunza kambini unatuumiza huku. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ukitaka msaada ulikuwa unasubiri. Jina lako liko kwenye orodha, siku ya mgao inajulikana, unapanga foleni na kadi yako. Aliyelalamika sana alionekana hana adabu. Marekani hakuna anayekuita. Usipojiandikisha mwenyewe, kwao wewe hukupatwa na kitu.

Tornado ile ilifika kwetu saa saba na kitu usiku, kuamkia Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 2021, usiku uleule ambao mji wa Mayfield, magharibi mwa jimbo, ulibomolewa. Yetu ilipimwa kiwango cha EF3, maana yake upepo wa zaidi ya kilomita 218 kwa saa. Katika kaunti yetu ya Warren walifariki watu 17. Walikuwemo watoto wadogo, na walikuwemo wakimbizi wenzetu kutoka Bosnia, watu waliokimbia vita kama sisi. Simu yangu ilipiga ule mlio wa hatari na ujumbe wa Kiingereza. Niliusoma nusu, nikaizima nikarudi kulala. Kilichoniamsha tena ni masikio kuziba, kama unaposhuka mlima kwa basi, halafu sauti ya lori zito lisiloisha kupita.

Kwa hiyo, kabla ya yote, wafundishe wazee wa nyumbani maneno mawili. Simu ikisema "tornado watch", hali ya hewa inaruhusu itokee, kaeni macho. Ikisema "tornado warning", imeonekana kwa macho au kwa rada, na hapo hakuna kufungua pazia kutazama. Ingieni chumba cha ndani kabisa cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Kwa wengi wetu wanaopanga, hicho ni bafu. Vaeni viatu, kwa sababu baadaye mtatembea juu ya vioo na misumari. Na mkitoka mkasikia harufu ya gesi, msiwashe taa wala kiberiti, tokeni nje.

Baridi ya siku zile ilikaribia kuua waliopona. Nyumba ya jirani yangu walitaka kuingiza jiko la mkaa sebuleni wapate joto, kama walivyozoea. Nyumba zetu za kambini zilipitisha hewa kila upande. Nyumba za huku zimefungwa kama chupa, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Mtu analala haamki. Jenereta nayo ni vilevile. Ikae nje, mbali na milango na madirisha.

Sasa FEMA, shirika la serikali ya Marekani linalosaidia waliopatwa na majanga. Mkimbizi anastahili kuomba. Aliyepewa hifadhi anastahili, mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, anastahili. Na kama wazazi hawana karatasi hizo lakini wana mtoto mdogo aliyezaliwa Marekani, mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto huyo. Mpangaji naye anaomba, si mwenye nyumba peke yake, kwa sababu vitanda, nguo na sufuria vilikuwa vyako. Ukipiga simu, sema tu "Swahili", watakutafutia mkalimani. Piga picha kila kitu kabla hujafagia, hata godoro lililoloa. Kama una bima, anza na bima, kwa sababu FEMA hawalipi kile ambacho bima imeshalipa.

Barua yao ya kwanza ilinikuta nimechoka. Niliona neno la kukataliwa, nikaiweka juu ya friji, nimekata tamaa. Mpwa wangu wa shule ya sekondari ndiye aliyeisoma mpaka chini: walikuwa wanataka karatasi ya kuonyesha kwamba nilikuwa naishi pale. Bili ya umeme tu. Una siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua kukata rufaa. Wako watu wetu waliochana barua za namna hiyo, na roho inaniuma mpaka leo.

Mtu akija mlangoni na gari la mizigo akataka usaini akutengenezee paa, mwambie arudi kesho ukiwa na mtu anayesoma Kiingereza. Mkaguzi wa FEMA ana kitambulisho na haombi hela.

Wenye kutaka kusaidia nao nina neno kwao. Kanisani kwetu zilikuja nguo mlima mzima, tukakosa nepi na hela ya mafuta ya gari ya kuwafikisha watu kazini. Akina mama walipika wali na maharage kila jioni, na pale kwenye sahani ndipo tulipojua nani hajala tangu jana. Daftari likafuata. Tulipita mlango kwa mlango na kuacha kuishia kwenye "hamjambo", maana kwa heshima yetu jibu ni moja tu. Tuliuliza: Jana mmelala wapi? Maji yanatoka? FEMA wamewapa namba? Nilipomuuliza yule bibi hivyo, alinyamaza kidogo, kisha akanishika mkono na kunipeleka chumbani kunionyesha ukuta. Walipokuja kufunika paa kwa turubai la buluu, alikaa chini nje akalia. Alisema alidhani ameshamaliza maisha ya turubai.

Mwanangu wa miaka sita alilala na viatu mpaka Februari. Nilimgombeza wiki mbili, naona aibu kuliandika hili, kwa sababu nilifikiri ni utundu. Mwalimu wake ndiye aliyeniuliza kama upepo ukivuma anaziba masikio. Anaziba. Niliacha kugomba, nikampa kazi ya kutunza tochi na kukagua betri kila Jumamosi, na usiku nikawa namsimulia ile tornado kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambayo tulitoka salama bafuni.

Siku hizi viatu viko chini ya kitanda chake, kamba zimelegezwa tayari. Hapo nimemwacha avipange mwenyewe.