Bibi katuachia ubishi wa umri

SWALI: Shikamoo shangazi. Bibi yetu mzaa mama katutoka miezi michache iliyopita, na huyo ndo alikuwa nguzo ya ukoo mzima, yani watoto, wajukuu, vitukuu, kila mwenye shida na kila mwenye furaha anaanzia kwake. Mimi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe siku ya kumbukumbu. Sasa nimekwama mstari wa kwanza tu: kitambulisho kinasema 1 Januari 1931, mjomba kashikilia 1926 ili tutangaze alibakiza kidogo atimize mia, mama mdogo anasema wote waongo. Halafu nikiuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, jibu ni lilelile, alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye upendo, basi. Nimejaza ukurasa mzima lakini nikisoma naona bibi wa mtu yeyote. Nifanyeje?
Mjukuu wa kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Tuanze na mjomba maana naona huyo halali. Hiyo 1 Januari usiitegemee, wazee wengi ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa walipofika kuandikishwa walikadiriwa mwaka tu wakapachikwa siku ya kwanza ya mwaka. Wewe tafuta tukio ambalo mwaka wake hauna ubishi, halafu muulize mtu wa rika la bibi alikuwa na ukubwa gani kipindi hicho. Vita Kuu ya Pili iliisha 1945, sivyo? Kama binamu yake anakumbuka vita inaisha wao walikuwa ndo kwanza wanapewa watoto wadogo wawabebe mgongoni, basi walikuwa na miaka saba hadi kumi hivi, piga hesabu unapata 1935 mpaka 1938. Wa 1926 angekuwa msichana wa miaka 19 huyo, wala sio wa ndo kwanza kupewa mtoto abebe. Linganisha na umri wa mtoto wake wa kwanza, zikikaribiana andika "alizaliwa kati ya 1935 na 1938" mambo yaishe. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, umri wake ulikubaliwa kwa sababu ya makaratasi, alizaliwa 1875 na jina lake lilikuwa linaonekana kwenye sensa moja baada ya nyingine. Mjomba akileta karatasi kama hizo mpe mia yake.

Sasa hilo la upole. Kosa liko kwenye swali, ukimuuliza mtu marehemu alikuwaje atakupa sifa za marehemu wote. Muulize mara ya mwisho bibi kukugombeza ilikuwa kwa ajili ya nini. Alikuwa anamnunia nani, na akinuna anakaaje. Kitu gani hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Watasita kidogo kwa adabu halafu utaona wanavyocheka na wanavyofunguka. Kuna msomaji aliniandikia kuhusu bibi yake ambaye hakujua kusoma, ila barua zote za watoto wake alizitunza kwenye kopo moja na kila mjukuu akija lazima amsomee, na ukiruka mstari kwa uvivu anakwambia hapo umeruka, rudi, maana keshazisikia mpaka anazijua kwa moyo. Mimi sikuwahi kumuona huyo bibi lakini namjua.

Waulize mmojammoja tafadhali. Ukiwakusanya sebuleni mkubwa wao ataongea, wengine watatikisa vichwa. Na usianze na wajomba, anza na wenzake aliokua nao hata kama wamebaki wawili, kwa sababu watoto wake wanamjua kuanzia alipokuwa mama, ile miaka ishirini ya mwanzo hawana habari nayo, ndo maana wasifu mwingi unaanza kwenye ndoa kana kwamba mtu alizaliwa siku hiyo. Orodha ya watoto na wajukuu iweke mwisho kabisa, wanaotaka kusikia jina lao watasubiri.

SWALI: Shangazi, mama mkubwa yuko hai, ana miaka 91. Ya jana hakumbuki lakini ya usichana wake anasimulia kila siku, tena hadithi ileile. Tuandike au tutakuwa tunaandika ya kubuni?
Binti mdogo

JIBU: Andikeni, tena mnachelewa. Waliochunguza kumbukumbu wameona wazee wengi wakisimulia maisha yao, mambo yanayojitokeza zaidi ni ya kati ya miaka 10 na 30, kwa hiyo anachosimulia si ajabu. Simpi uhakika wa kila neno, hata wewe ya utotoni umeyachanganya. Hadithi ileile irekodi zaidi ya mara moja, utashangaa safari hii kataja mtu ambaye jana hakumtaja. Usimsahihishe katikati, muulize tu nani mwingine alikuwepo. Zima redio, simu iwe karibu na mdomo wake, akichoka acha. Rekodi usiziache kwenye simu peke yake, simu zinaibiwa, hamishia kwenye kompyuta na umtumie na ndugu mmoja asiyefutafuta vitu. Picha za zamani andika majina nyuma kwa penseli laini pembeni, usitumie kalamu ya wino maana inapenya mpaka mbele. Na anza na zile picha ambazo yeye peke yake ndo anawajua waliomo.