Muulize Fundi Simu: Nokia ya tochi kwa mvuvi

SWALI: Shikamoo fundi. Baba anavua dagaa Ukerewe. Simu za kupangusa zinamshinda, na kuchaji ni shida. Nimeona Nokia 1100 iliyotumika pale Mwaloni, Kirumba. Nimnunulie?
Binti wa Igoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mnunulie. Simu hiyo ilitoka mwaka 2003, na ile tochi ya kichwani ni msaada wa kweli kwa mtu anayeshika nyavu gizani. Vibonye vyake ni kipande kimoja cha mpira, kwa hiyo vumbi haliingii kirahisi, na ubavuni haitelezi hata mkono ukiwa na magamba. Betri yake, BL-5C, ikiwa nzima hukaa siku kadhaa. Itoe uikague: ikiwa imevimba, iache kabisa! Betri feki zimejaa, nami zinanikera sana.

Maji ya ziwa haihimili; aitunze kwenye kopo lenye mfuniko. Intaneti haina, ila menyu ya kutuma pesa inafunguka. Kabla hujalipa, bonyeza *#06#, kisha tuma namba itakayotokea kwenda 15090 ujue kama simu ni halisi. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huzifungia simu bandia. Laini yake ni ile kubwa, hivyo usitupe fremu ya plastiki inayozunguka laini ndogo.