Kabla hujamwambia mgonjwa "acha hizo dawa"

Wadogo zangu mlioanza intani, wiki hii nimefungua faili nikakuta TSH 18, yaani juu mno, T4, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, iko chini, na chini yake mwandiko mzuri kabisa: "Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, aanze kabimazoli." Dawa ya kuituliza tezi, kwa tezi iliyolala! Nikalifunga, nikaenda kunywa chai kwanza. Nawapenda, ila mtanipandisha presha.

1. TSH ni homoni, na haitoki shingoni. Inatoka pituitari, katezi ka ukubwa wa punje ya kunde chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Ukisikia msimamizi anafoka, ujue kibarua kalala. Huyo mgonjwa anahitaji levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, ameze asubuhi kabla ya kula, na kipimo kirudiwe baada ya wiki sita, si kesho kutwa.

2. Prednisoloni, steroidi inayofanya kazi kama kotisoli, homoni ya mwili wenyewe. Hapa kaeni.

Nikiwa intani kama nyinyi, alikuja mama mmoja muuza samaki wa Feri. Magoti yalimsumbua, akawa ananunua prednisoloni duka la dawa karibu mwaka mzima. Uso umekuwa duara, mikono myembamba, tumbo mbele. Nami nikajiona bingwa, nimegundua kitu! Nikamkemea mbele ya foleni nzima: "Mama, hizi zinakuua, acha leo hii." Akaniitikia kwa adabu, "Sawa mwanangu," akaenda kuzitupa.

Siku ya sita akaletwa usiku kwa bajaji, anatapika, presha 70 kwa 40, sukari 2.6, zote chini mno. Nikapima malaria, hamna. Nikaandika antibayotiki, nikafungulia dripu lita ya kwanza, ya pili, nikasukuma glukosi. Sukari ikapanda kidogo, presha ikagoma. Nilikuwa naandaa antibayotiki nyingine ndipo sista wa zamu akaniuliza taratibu, "Dokta, si ndiye yule uliyemwachisha vidonge?" Miguu iliniisha nguvu. Nikampigia mkubwa wangu, naye hakunigombeza, alisema tu: "Haidrokotisoni miligramu 100, mshipani, sasa hivi." Kulipokucha mama anaomba chai.

Nyote mna nyumba zenye tanki, basi sikilizeni. Ukinunua maji ya boza mwaka mzima, tanki halipungui, na pampu ya kisima huiwashi. Siku boza lisipokuja unabonyeza swichi, pampu imeganda. Pituitari ikiona damu imejaa prednisoloni haitumi ACTH, homoni ya kuziamsha adrenali, na adrenali, tezi za kotisoli zilizokaa juu ya figo, zinasinyaa kwa kukosa kazi. Mwili ukabaki bila kotisoli, ndiyo maana haidrokotisoni, kotisoli ya sindano, ilimwokoa; bila kotisoli mishipa haishiki presha wala ini halitoi sukari ya kutosha. Aliyetumia zaidi ya wiki tatu haachishwi kwa mkupuo, hata kama ni kweli hakupaswa kuzianza. Akiugua homa kali au akipelekwa upasuaji, dozi inaongezwa. Na muulizeni kila mgonjwa kuhusu "vidonge vya kunenepesha" na krimu za kung'arisha ngozi, maana huweza kuwa na steroidi ndani, naye hataviita dawa.

Kilichoniuma si dozi. Kiliniuma kwamba alinitii.

3. Kisukari aina ya kwanza: insulini haikatwi eti kwa sababu mgonjwa hali chakula, ini humwaga sukari hata tumbo likiwa tupu.

4. Kotisoli hupimwa saa mbili asubuhi, inapokuwa juu. Sampuli zenu za saa kumi jioni, mnazokumbuka baada ya raundi, zinatudanganya sote. Mama wa Feri nilimpunguzia kidogo kidogo kwa miezi, kisha nikamwomba aje kupimwa kotisoli saa mbili kamili, nione kama adrenali zimeamka, kabla hajameza kidonge cha siku. Saa hizo mnada wa samaki umepamba moto, nikajua haji. Alikuja, shombo na kanga vikiwa juu yake, akakunja mkono wa gauni na kunitazama:

"Haya dokta, leo unaniachisha nini?"