Chumvi na sukari zitakutoa kwenye utata huu

Mdogo wangu, unasema umekariri kwamba bondi (kifungo kati ya atomu) ya ioni ni kupeana elektroni na ya kovalenti ni kushirikiana, lakini ukipewa kampaundi mpya kwenye mtihani unakwama, hujui ni bondi ipi. Acha kukariri kwanza, ingia jikoni.

Weka sukari kidogo kwenye kijiko juu ya moto, kijiko kingine weka chumvi. Sukari itayeyuka, iwe kahawia, kisha iungue. Chumvi itakutazama tu, maana huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi.

Chumvi ni sodiamu na klorini, NaCl. Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye ganda la nje. Klorini inapungukiwa moja kutimiza nane. Sodiamu inaiachia elektroni yake, inabaki Na⁺, mwenzake anakuwa Cl⁻. Hizo ndizo ioni, yaani atomu zenye chaji, na chaji hizo zinavutana pande zote. Ndani ya punje ya chumvi hakuna molekuli ya NaCl! Kila ioni imezungukwa na sita za aina nyingine. Hapa wengi hupoteza maksi. Sukari ni molekuli kamili, C₁₂H₂₂O₁₁. Atomu zake zimeshikana imara, ila molekuli na molekuli zinavutana kwa nguvu ndogo zaidi.

Kwenye mtihani, ukiona metali na isiyo metali, anza kufikiria ioni. Zisizo metali zenyewe kwa zenyewe, kovalenti. Ila HCl (kloridi ya hidrojeni) isikuchanganye: ikiwa gesi ni kovalenti, ikiingia majini ndipo inatoa ioni.

Na usiandike "chumvi hupitisha umeme" ukaishia hapo. Ikiwa kavu haipitishi. Iyeyushwe au iwe majini, ioni zipate nafasi ya kutembea.